Mahali pa Jipya Ndani ya Ngoma ya Pemba

Msewe husikika kabla haujaonekana. Mtu anayekuja kwa njia ya mashambani, katikati ya mikarafuu, hupokewa na mchakacho mkavu unaokwenda na kurudi, na chini yake mapigo ya ngoma yanayoushikilia. Akifika uwanjani ndipo anapoiona asili ya sauti ile: miguu. Juu ya vifundo vya wachezaji vimefungwa vifuko vidogo vilivyosukwa kwa majani makavu, ndani yake zimetiwa mbegu au vijiwe, na vifuko hivyo ndivyo vilivyoipa ngoma hii ya Pemba jina lake. Mguu ukikanyaga, msewe hujibu. Mchezaji hafuati ngoma tu. Na yeye anapiga, na ala yake ni hatua yake mwenyewe.

Ni vigumu kumpata mchezaji anayepewa mtihani mkali kuliko huu. Katika michezo mingi bega likichelewa kidogo, jicho la mtazamaji hulisamehe, kwa sababu jicho lina mengi ya kutazama kwa wakati mmoja. Sikio halina huruma hiyo. Safu ikikanyaga kwa pamoja husikika kishindo kimoja. Mmoja akichelewa, nyuma ya kishindo hufuata mkwaruzo mdogo, na uwanja mzima unajua. Na kazi ngumu zaidi ni kunyamaza. Kuzitikisa mbegu mtu yeyote anaweza. Kuzituliza zote mara moja, mpigaji anapokata, kunataka goti lililolegea kwa kiasi chake, unyayo unaotua wote, na uzito wa mwili ulioshushwa kabla mguu haujagusa ardhi. Ule ukimya wa ghafla baada ya mvua ya vishindo ni matunda ya miaka.

Nauanza mjadala wa kale na jipya hapa miguuni kwa makusudi. Mara nyingi tukizungumzia namna ngoma za asili zinavyokutana na nyakati hizi, tunaishia kwenye sare, taa, vipaza sauti na kinanda. Hayo ni mambo ya juu. Swali lenyewe linakaa mwilini: ni kitu gani katika hatua hii hakiguswi, ni kitu gani kinaweza kuongezwa, na nani mwenye haki ya kuamua? Wachezaji wa Pemba wamekuwa wakilijibu swali hili kwa vitendo tangu zamani, na jibu lao linastahili kutazamwa kwa utulivu.

*

Tuanze na namna ustadi unavyopatikana. Msewe hauna darasa lenye kioo ukutani. Mtoto huanzia pembeni mwa uwanja, akigonga debe, akiwaigiza kaka zake, akichekwa na wenziwe. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi, na kweli haikeshi. Lakini katika muda wake mfupi mtoto anaingiza mwilini kitu ambacho mtu mzima hukipata kwa taabu, yaani kujua pigo linalokuja kabla halijaja. Baadaye kijana huingia kwenye safu kando ya mtu aliyekomaa, na kwa muda mrefu kazi yake ni kuukopa mguu wa jirani yake. Hapewi maelezo mengi. Akikosea, hutazamwa. Akipatia, safu inasonga mbele na hakuna anayesema neno, na hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Mwaka mzima una nafasi yake katika malezi haya. Fedha ya karafuu ikiingia mikononi, harusi huongezeka, na harusi zikiongezeka ngoma hulia. Sikukuu za Idi huleta michezo viwanjani. Kati ya shughuli moja na nyingine kuna kazi za shamba na bahari, kwa hiyo mchezaji wa Pemba ni mchumaji karafuu, mvuvi, fundi au mwalimu wa skuli, ambaye mwili wake unaitunza ngoma wakati hakuna anayemtazama. Ngozi za ngoma nazo zina malezi yake. Kabla ya kupigwa huoteshwa moto zikaze, mpigaji akizigonga kwa kidole na kuzisikiliza, akizisogeza karibu na mwali na kuziondoa, mpaka ndogo itoe sauti kali na kubwa itoe ngurumo. Unyevu wa kisiwa hiki ni mkubwa, na ngozi iliyolegea humlegeza mchezaji. Ndiyo maana mpigaji mzuri hana haraka mbele ya ule moto. Anajua kwamba nusu ya mchezo inaamuliwa pale.

Ballet ya Ulaya haifanani na msewe kwa umbo hata kidogo. Msewe huuteremsha uzito wa mwili ardhini, ballet huutaka mwili uonekane hauna uzito. Lakini kwa malezi zimekaribiana kuliko mtu anavyodhani. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mjini Paris mwaka 1661, na Pierre Beauchamp, mwalimu wake wa dansi, ndiye anayetajwa kuwa alizipanga nafasi tano za miguu ambazo zinafundishwa mpaka leo. Nyota wa kampuni kubwa ya Moscow au London, hata awe amepigiwa makofi usiku uliopita, asubuhi hurudi kushika fito ya mbao na kukunja magoti polepole, zoezi lilelile analopewa mtoto wa miaka 8. Na ingawa Wazungu wamevumbua njia za kuandika hatua kwenye karatasi, hatua zenyewe bado hupita kutoka mwili hadi mwili: mchezaji mkongwe husimama mbele ya kijana na kumwonyesha mkono ulikokuwa ukielekea. Katika sanaa zote mbili, mtu akifa bila kumfundisha mwenzake, kuna kitu kinazikwa naye.

*

Sasa tuangalie kwa karibu jipya linaingilia wapi. Nikizitazama ngoma tatu za Pemba, msewe, kirumbizi na kibati, naona kila moja ina sehemu iliyofungwa na sehemu iliyoachwa wazi, na katika kila moja mpaka umewekwa mahali tofauti.

Katika msewe kilichofungwa ni mguu. Hatua ni ya wote, na anayeibadilisha peke yake anaivunja. Kilicho wazi ni wimbo. Maneno huja na mwaka wake: mwaka wa karafuu nyingi una maneno yake, mwaka wa bei mbovu una yake, mwenye harusi atasifiwa, mgeni atatajwa, na jambo lililotokea kijijini juzi laweza kuwa kiitikio leo. Kwa hiyo mtu aliyesafiri miaka mingi akarudi ataikuta ngoma mpya kabisa masikioni, na miguu yake itaitambua pale pale.

Katika kirumbizi mpaka uko kwingine. Hii ni ngoma ya fimbo, inayochezwa Pemba na pia Lamu na kwingineko mwambao. Zumari inalia, ngoma zinaikimbiza, na watu wawili wanaingia katikati na fimbo zao. Kilichofungwa hapa ni adabu: namna ya kuingia, namna ya kumkabili mwenzako, wajibu wa kukinga, na sharti kubwa kwamba hasira haina nafasi uwanjani. Ndani ya adabu hiyo, pigo lenyewe liko huru. Mchezaji anaweza kurusha fimbo kwa namna ambayo haijawahi kuonekana, akazunguka, akajifanya amechoka, akampa mwenzake mgongo kwa hila. Mwenzake naye lazima ajibu papo hapo kwa kinga ambayo hakuipanga. Uzuri wa kirumbizi ni kwamba watu wawili wanabuni kwa kasi ya hatari na hakuna anayeumia, kwa sababu kila mmoja anamwamini mwenziwe kwamba anaijua sheria. Mahali ambapo sheria haijulikani, ubunifu wa aina hii ungekuwa ugomvi.

Kibati ndiyo iliyo wazi kuliko zote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayotisha kuliko zote. Ni majibizano ya haraka juu ya ngoma, maneno yakitungwa hapo hapo, na wachezaji na waimbaji wakiitikia. Kilichofungwa ni pigo peke yake. Pigo halimngoji mtu. Anayejibu ana muda wa pumzi moja kuokota neno, kulipa umbo, na kulitua penye nafasi yake kabla mwitikio haujaanguka. Akifikiri sana amechelewa, asipofikiri ameropoka. Msikilizaji aliyezoea hachoki kushangaa namna wazo linavyozaliwa likiwa tayari limevaa mahadhi.

Hapo mtu anakumbuka kwamba kisiwa hiki ndicho kilichowatoa Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa karne ya 19 waliojibizana kwa tungo ambazo bado zinasomwa. Sheria walizozifuata zilikuwa ngumu: vina, mizani, na heshima ya kumjibu mwenzako ndani ya bahari aliyoichagua yeye. Ugumu huo ndio uliowapa nafasi ya kuonyesha ukali wa akili zao. Kama kila mmoja angeruhusiwa kujibu apendavyo, nani angejua kwamba jibu ni zuri? Na hii ndiyo siri ambayo ngoma na ushairi wa Pemba vinaifundisha pamoja. Jipya huonekana kwa sababu limesimama kando ya kitu kisichobadilika. Mguu wa msewe ukiwa ni uleule, sikio linapata nafasi ya kulisikia neno jipya. Adabu ya kirumbizi ikiwa imara, jicho linaweza kulifurahia pigo la hila. Kilichofungwa ndicho kinachokipa thamani kilichofunguliwa.

*

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kilichofungwa kimefungwa tangu kuumbwa kwa dunia. Pwani yetu imepokea kwa karne nyingi, na Pemba imepokea kwa namna yake. Zumari inayoiongoza kirumbizi ina ndugu Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Iliingia, ikakaa, na leo hakuna anayeiona ngeni. Beni ilianza katika miji ya mwambao, Lamu na Mombasa miongoni mwayo, mwishoni mwa karne ya 19, vijana walipozisikia bendi za wanajeshi na mabaharia wa Kizungu wakaona kwamba tarumbeta na gwaride vinaweza kuchezwa vizuri zaidi. Wakaunda vyama vyenye vyeo na sare, Marini na Arinoti, vikashindana, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza beni ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo mwaka 1975. Leo Zanzibar beni ni furaha ya harusi mitaani, na aliyezaliwa hapa huiita ngoma ya kwao bila kusita.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni mchezo wa ng'ombe. Wareno walikuwa na nguvu katika mwambao huu katika karne za 16 na 17, na wenyeji husimulia kwamba mchezo huu wa Pemba ulitokana nao. Unachezwa wakati wa kiangazi katika vijiji kama Wingwi, Chwale na Kengeja. Uwanja hujaa, zumari na ngoma hulia, wanawake huimba, na mchezaji humkabili fahali kwa kitambaa, akimwita, akimkwepa kwa kiuno na kwa mguu mwepesi. Kisha ng'ombe hurudishwa kwao mzima. Hauawi. Katika masimulizi ya wenyeji mambo mengi yametoka kwa mgeni, ila damu haikupokelewa. Huu ni uhariri wa hali ya juu kabisa. Watu waliupokea ujasiri, wakaupokea mchezo wa mwili mbele ya pembe, wakaongeza muziki wao na nyimbo zao, wakakiondoa kile ambacho hakikuwafaa. Hakuna kamati iliyokaa. Vizazi ndivyo vilivyochuja.

Mafundi wa vyombo wa pwani wanalijua jambo hili. Mashine zilipokuja, walizifunga nyuma ya mashua na watu wakafika haraka. Lakini hakuna fundi aliyegusa mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, kwa ajili ya mashine, kwa maana aliyeukata mkuku hana chombo tena cha kufunga mashine. Mwenye ngoma naye lazima aujue mkuku wa ngoma yake kabla hajaleta kitu cha kuifunga.

*

Jukwaa ndilo lililoleta jaribio kubwa kuliko yote. Mwalimu Nyerere, alipohutubia Bunge mwezi Desemba 1962 baada ya nchi kuwa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wa Tanganyika walijua rumba na chacha, ilhali wengi wao hawakuzijua wala hawakuwahi hata kuzisikia ngoma kama gombe sugu na mangala. Akaunda wizara ya utamaduni. Miaka michache baada ya uhuru kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa TaSUBa. Ngoma zilizokuwa za kijiji zikawa za taifa, na za taifa zikawa za jukwaani.

Lilikuwa jambo jema, na lilikuwa na gharama. Uwanjani kijijini watu huizunguka ngoma. Hakuna mbele wala nyuma. Anayetazama sasa hivi ataingia baada ya kitambo, na shangazi wa bwana harusi ana haki ya kucheza kuliko bingwa yeyote. Mchezo unaweza kukesha. Jukwaani kuna upande mmoja wa kutazamwa. Kuna dakika chache zilizopangwa. Mtazamaji amekaa kitini na atabaki kitini. Iwe ni Gombani, Chake Chake, kwenye sherehe ya kitaifa, au ni Ngome Kongwe, Unguja, kwenye tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, kiongozi wa kikundi anakutana na mtihani uleule: ana usiku mzima mkononi na amepewa dakika 10.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia viongozi wa vikundi, kwa sababu kazi wanayoifanya ni kazi ya mtunzi, hata kama hakuna programu inayowaandika kuwa watunzi. Tazama maamuzi ya kiongozi anayeijua kazi. Duara analifungua upande mmoja liwe mwezi mchanga, ili watazamaji waone na wachezaji waendelee kuonana, maana mchezaji asiyemwona mwenziwe hawezi kumsikiliza. Mwendo wa kuingia, ambao kijijini ungekuwa matembezi marefu ya kupasha damu moto, anaufanya kuwa sehemu ya mchezo: safu inaingia tayari inakanyaga, na mtazamaji anaisikia kabla ya kuiona. Ngoma hujenga joto polepole, wala haiwezekani kumtupia mtu kilele akiwa bado baridi. Basi kiongozi anafupisha marudio lakini haruki hatua ya mwanzo. Mwanzo wa ngoma ni lele, wasemavyo wahenga, na fundi huiacha lele ipite hata kama saa inamkimbiza.

Kipaza sauti nacho kinataka akili. Kikiwekwa mbele ya mwimbaji peke yake, msewe hufa. Mtazamaji huona miguu inayopiga bila sauti, na ngoma nzima hubaki picha. Kiongozi anayeielewa ngoma yake hukiteremsha chini, karibu na mbao, na kuuacha uimbaji upande kwa nguvu ya waitikiaji. Kuna pia suala la sakafu. Udongo hupokea mguu na kuurudisha. Mbao hurudisha zaidi ya kilichopewa. Saruji hairudishi kitu na huumiza goti. Safu iliyozoea udongo lazima ijifunze upya namna ya kutua juu ya mbao ili kishindo kibaki kimoja. Anayeketi kitini haambiwi lolote kati ya haya. Anaona watu wanacheza, na anadhani wamekuja tu wakacheza.

Ziko pia hasara ambazo lazima zisemwe. Jukwaa limezoea kupenda kiuno, na vikundi vingi vimejifunza kukipa kiuno hata pale ambapo ngoma ilikuwa ya mguu, ya mkono au ya fimbo. Katika onyesho moja unaweza kuletewa ngoma tano za mikoa mitano zikafanana zote, zimebadilishiwa nguo tu. Lelemama, ngoma ya wanawake ambayo utamu wake uko katika utulivu wa kiganja na kifundo cha mkono, huumia sana kwenye haraka hii, kwa sababu jambo dogo linalofanywa polepole linahitaji mtazamaji aliyefundishwa kungoja. Kasi ikiwa kipimo pekee cha uhai, ngoma zetu za upole zitaonekana zimekufa wakati ziko hai.

*

Wenzetu wa mbali wanapambana na hayohayo, na yafaa kuwatazama bila kuwanyenyekea na bila kuwadharau. Giselle, moja ya kazi za ballet zinazoheshimiwa sana, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841. Ni hadithi ya msichana wa shamba anayedanganywa na mtu wa tabaka la juu, akafa, kisha akajiunga na mizimu ya wanawake waliosalitiwa, ambao huwachezesha wanaume mpaka wafe. Mwaka 1984 Dance Theatre of Harlem, kampuni ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, iliipeleka hadithi hiyo kwa watu Weusi huru wa Louisiana, hatua zikabaki zile za kale. Mwaka 2016 Akram Khan, Mwingereza mwenye asili ya Bangladesh aliyelelewa katika dansi ya kathak ya Kihindi, aliitunga upya kwa ajili ya English National Ballet: wakulima wakawa wahamiaji waliofukuzwa kazi katika viwanda vya nguo, na ukuta mkubwa ukawatenga na wenye mali. Mwaka 2017 Dada Masilo wa Soweto akatoa Giselle yake, miili ikizungumza kwa dansi za Afrika Kusini, na malkia wa mizimu akawa mganga.

Khan na Masilo walibadilisha karibu kila kitu ambacho jicho linakiona. Hawakugusa moyo wa kazi: usaliti wa tabaka, kifo, na kundi la mizimu linalodai haki kwa kucheza. Walijua ni kipi kikiondoka Giselle inakoma kuwa Giselle. Na walijua kwa sababu walifunzwa kwa miaka mingi kabla ya kupewa ruhusa ya kubuni. Khan kwenye kathak, Masilo kwenye ballet yenyewe na dansi za kisasa. Huu ni ustadi uleule wa kiongozi wa msewe anayefupisha usiku bila kuivunja lele. Tofauti ni kwamba wao wamepewa miezi ya mazoezi, ukumbi, mishahara na majina yao yameandikwa kwenye mabango.

Afrika Mashariki nayo imeonyesha kwamba njia inapitika pande zote mbili. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda, Nairobi, alijifunza ballet tangu hatua ya kwanza, akafika kusoma London katika shule ya English National Ballet. Alikichukua kilichofungwa cha watu wengine akakifanya chake. Opiyo Okach wa Kenya na Faustin Linyekula wa Kongo walikwenda njia nyingine: mwaka 1996 waliunda pamoja na Afrah Tenambergen kikundi kimoja Nairobi, na kazi yao ilipata tuzo katika mashindano ya watunzi wa dansi wa Afrika yaliyofanyika Luanda mwaka 1998. Linyekula baadaye alianzisha Studios Kabako mwaka 2001 Kinshasa, kisha akaupeleka mradi huo Kisangani, mji unaozungumza Kiswahili na Kilingala, akiamini kwamba sanaa ya kisasa haina sababu ya kuukimbia mji ulioumizwa na vita.

*

Nikirudi kwenye ngoma za Pemba na kila nilichokiona katika hizo za mbali, nafikia rai moja ninayoishikilia kwa nguvu. Hakuna ugomvi kati ya kale na jipya katika ngoma. Ugomvi uko kati ya anayejua na asiyejua. Mjuzi akileta kinanda, atajua kimpe nafasi ipi kisimeze zumari. Asiyejua, hata akiwavisha wachezaji nguo za zamani kabisa na kuwapigia ngozi tupu, anaweza kuiua ngoma kwa kuikosesha pigo lake.

Kwa hiyo hoja ya kulinda ngoma za Pemba inapaswa kuanza na watu wenye ujuzi na muda wao. Mtunzi kijana anayetaka kuuchukua msewe kwenda nao jukwaani Dar es Salaam au Ulaya, na aje, akaribishwe. Lakini asimame kwanza kwenye safu, karafuu ziive na kuchumwa, naye bado anajifunza kunyamazisha mbegu. Waandaaji wa sherehe na matamasha nao wawaulize viongozi wa vikundi ngoma yao inahitaji dakika ngapi, sakafu gani na kipaza sauti kikae wapi, kama wanavyoiuliza bendi yoyote. Vyuo vya sanaa viwaite wazee wa vijijini kama walimu, walipwe kama walimu, na majina yao yaandikwe kwenye programu pale wanapostahili, katika nafasi ya mtunzi.

Mcheza kwao hutunzwa, na tangu zamani tuzo ilikuwa noti au leso iliyowekwa juu ya bega la mchezaji mbele ya watu wote. Tuzo hiyo iendelee. Iongezwe nyingine inayodumu zaidi: mtazamaji aliyejifunza kuangalia, anayejua kwamba ile sekunde ambamo misewe yote imenyamaza kwa pamoja ilichukua miaka kutengenezwa, na anayeweza kulitambua neno jipya katika wimbo kwa sababu anaujua mguu wa zamani ulio chini yake. Ngoma yenye watazamaji wa namna hiyo haihitaji kuogopa jipya lolote litakalokuja.